Kuchelewesha Jina: Akili Iliyosumbuka katika Hadithi Fupi ya Kutisha

Katika maboma mengi ya Khwisero, Kakamega, kaburi haliko mbali na mlango. Babu amelala karibu na migomba, nyanya kando yake, na saruji ya makaburi yao imekuwa mahali pa watoto kuketi jioni wakimenya miwa. Mgeni anayefika mara ya kwanza huonyeshwa kwa kidole: huyu ndiye aliyejenga nyumba hii, na yule ndiye niliyepewa jina lake. Wafu wa Wakisa, wenyeji wa Khwisero, ni watu wa nyumbani.

Hali hiyo inamtia mwandishi wa hadithi za kutisha katika mtihani. Hadithi za kigothi zilizaliwa Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, riwaya yenye ngome kuukuu, njia za chini ya ardhi na mizimu ya ukoo. Msomaji wa huko alitishwa kwa kupelekwa kaburini. Msomaji wa Khwisero hupita kaburini akienda kuchota maji. Ukimwandikia kwamba mhusika aliliona kaburi mbalamwezini akatetemeka, atakuuliza: alitetemekea nini? Ni kaburi la nani?

Maswali hayo mawili yanatosha kufungua mjadala mzima. Hofu ya hadithi ya kutisha hutoka katika kichwa cha anayeangalia, na mahali humsaidia tu kuionyesha. Kwa hiyo swali kubwa la utanzu huu ni la ufundi: hadithi fupi, yenye kurasa kumi au kumi na tano tu, itaisawiri vipi akili iliyosumbuka, msomaji aingie ndani yake badala ya kuitazama kutoka barabarani?

Jibu langu ni moja, nami nitalipitisha katika kila mbinu nitakayoitaja. Hadithi nzuri ya aina hii huchelewesha jina. Khwisero tuna majina tayari. Anayezunguka usiku ni omulosi. Aliyesumbuliwa na wahenga ameshikwa na emisambwa. Anayeongea peke yake sokoni ni omulalu. Majirani zetu Waluo wa Gem wana jajuok, mchawi wa usiku, na wana jachien, mzimu wa aliyekufa na kinyongo. Kiswahili nacho kimejaa: mwanga, pepo, jini, kichaa, mwendawazimu. Kila moja ya majina hayo likitamkwa, mazungumzo hufungwa. Watu hutikisa vichwa, huenda nyumbani, na mtu mwenyewe hubaki nje bila kusikilizwa. Said Ahmed Mohamed aliuita mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa mwaka 1985 Si Shetani si Wazimu. Jina hilo peke yake ni somo. Linakataa majibu mawili tuliyoyazoea na kumwacha msomaji akitafuta la tatu.

Nani anasema?

Mbinu ya kwanza ni kumkabidhi mgonjwa usukani wa usimulizi. Edgar Allan Poe alifanya hivyo Marekani mwaka 1843 katika “The Tell-Tale Heart”. Msimulizi amemuua mzee kwa sababu ya jicho lake, amemficha chini ya mbao za sakafu, na kazi yake kubwa katika hadithi yote ni kututhibitishia kwamba ana akili timamu. Anaeleza alivyokuwa mwangalifu, alivyokuwa na subira, alivyopanga kila kitu. Kadiri anavyoeleza kwa utaratibu ndivyo tunavyozidi kumwogopa. Hapo kuna kanuni ya kudumu: akili iliyosumbuka haijioni imesumbuka. Hujitetea kama wakili, na ushahidi wake huwa mwingi kupita kiasi.

Charlotte Perkins Gilman aliipeleka mbinu hiyo mbele mwaka 1892 katika “The Yellow Wallpaper”. Mke amefungiwa chumba cha juu na mumewe, ambaye ni daktari, eti apumzike. Anaandika shajara kwa siri, na polepole karatasi ya ukutani inaanza kuwa na mwanamke ndani yake. Gilman mwenyewe alikuwa amepitia tiba ya namna hiyo, akaandika ili watu waione kutoka ndani. Guy de Maupassant wa Ufaransa anatufundisha zaidi kwa sababu aliiandika “Le Horla” mara mbili. Katika toleo la mwaka 1886, mgonjwa anawasimulia madaktari mkasa wake. Katika lile la mwaka 1887 tunasoma shajara yake, siku baada ya siku, bila daktari wa kutuongoza. Hadithi ni ileile, lakini ya pili ndiyo inayokumbukwa, kwa kuwa ndani yake hakuna mtu mwenye akili timamu wa kumshika mkono msomaji.

Katika Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alituonyesha njia kwa riwaya ya Kichwamaji ya mwaka 1974. Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na mashaka yake kuhusu maana ya maisha yanamfikisha kwenye kujiua. Msomaji aliyekuwa akimsikiliza kama rafiki hugundua amekuwa akisindikizana na mtu anayezama. Hiyo ni riwaya, lakini mwandishi wa hadithi fupi anaweza kuiba siri yake: mpe mhusika sauti ya kupendeza kwanza, na uchunguze baadaye inampeleka wapi.

Kiswahili chenyewe kinatupa zana ambazo Poe hakuwa nazo, na nadhani hatujazitumia vya kutosha. Fikiria ngeli. Mwanafunzi wa Khwisero akiandika “kiti alisogea” hukatwa alama, na ni haki, kwa sababu kiti si mtu. Lakini msimulizi ambaye kwa kurasa tatu amesema “mlango ulifunguka” na “mlango ulifungwa”, kisha katika ukurasa wa nne akasema “mlango alinitazama”, ametuambia jambo zito bila kulitaja. Kitu kimepata uhai kichwani mwake. Kinyume chake kinatisha zaidi. Baba anayeanza kwa “mtoto analia”, kisha “kitoto kinalia”, kisha “kile kitu kinalia”, amemtoa mwanawe katika ubinadamu kwa viambishi tu. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kabla hajajua kilichomshtua.

Njeo nazo zina kazi yake. Kiambishi -ka- huunga tendo na tendo bila kueleza sababu: nikaamka, nikachukua panga, nikafungua mlango, nikatoka. Sababu haimo, na ukosefu wake ndio unaotisha. Kiambishi hu- hufanya tukio la mara moja lionekane la milele. Anayesema “marehemu hubisha saa tisa” amekwisha kuishi na jambo hilo. Kisha kuna lugha ya mama. Watu wengi wa huku husoma na kuomba kwa Kiswahili, lakini hulia kwa Lukisa. Mhusika ambaye Kiswahili chake kinakatika katikati ya sentensi na kuingia lugha ya mamaye amefika mahali ambapo hawezi tena kujipamba.

Mazoea yanayogeuka mtego

Mbinu ya pili ni takriri. Akili iliyosumbuka hurudi palepale, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Mfano bora niujuao katika ukanda huu wetu ni “Tekayo” ya Grace Ogot, iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa mwaka 1968. Ogot alizaliwa mwaka 1930, akasoma Shule ya Wasichana ya Butere, jirani kabisa na Khwisero, na alikuwa muuguzi na mkunga aliyewahi kufanya kazi Maseno. Alizijua simulizi za Waluo, na kwa kazi yake aliujua mwili wa binadamu pia.

Tekayo ni mchungaji. Siku moja anampora ndege wa mawindo ini alilolibeba, analichoma, analila, na utamu wake unamshinda. Tangu hapo anataka kujua lilikuwa ini la mnyama gani. Anawinda huyu na yule, anaonja, anakatishwa tamaa, anawinda tena. Mwishowe wanaolipa ni wajukuu zake mwenyewe.

Ogot hatuambii Tekayo anafikiri nini. Msimulizi wake ni wa nafsi ya tatu, na sauti yake ni tulivu kama ya bibi anayesimulia kando ya moto. Hakuna kilio wala maelezo ya ugonjwa. Kuna kuonja tu, kisha kuonja tena. Kwa sababu kila mwindaji huonja nyama, tunavuka mpaka pamoja na Tekayo bila kujua mpaka ulikuwa wapi. Jina la alichokuwa linachelewa mpaka mwisho, na tunapolifikia tunakumbuka kwamba mwanzoni tulimwonea huruma. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba nafsi ya kwanza ndiyo njia pekee ya kuingia kichwani mwa mhusika. Ogot aliingia kwa mlango wa ngano, na mlango huo uko wazi kwa kila mwandishi aliyekulia katika simulizi.

Mahali panapojua siri

Kakamega ina mandhari ambayo mwandishi wa kigothi angeyatamani: msitu mkubwa wa mvua, Jiwe Linalolia la Ilesi, na mashimo ya Rosterman yaliyobaki tangu enzi za dhahabu ya miaka ya 1930. Mandhari hayo yanafaa, lakini ni ya watalii. Akili hukaa ndani ya vitu inavyovitumia kila siku: bati, jembe, taa, mpaka wa shamba. Ili kuonyesha ninachokisema, nimeandika aya ya hadithi ambayo ingeweza kutokea katika kijiji chochote cha Khwisero:

“Kutoka mlango wangu hadi kaburi la kaka yangu ni hatua ishirini na saba. Nilizihesabu siku tulipomzika, kwa sababu mimi ndiye niliyeonyesha mahali pa kuchimba. Sina neno na kaburi. Mke wangu anasema silali, lakini yeye pia halali, la sivyo angejuaje? Jumapili nilihesabu tena baada ya kanisa: ishirini na sita. Nikajiambia ni viatu vya kanisani, vile vina soli ndefu. Jumanne, miguu mitupu, ishirini na tano. Leo mvua imenyesha tangu saa nane na udongo umelainika, hatua haziwezi kuwa sawa. Ishirini na nne. Mikonge ya mpaka imesimama palepale nilipoipanda.”

Tazama kilichofanyika. Mahali hapana ajabu yoyote: boma, kaburi, mvua ya alasiri, mikonge. Mzungumzaji hajasema kaburi linasogea, na hajataja omulosi wala wazimu. Kwa kila upungufu ana sababu, na kila sababu ina mantiki. Lakini neno la mwisho, “nilipoipanda”, limemtoroka. Huku kwetu mpaka hupandwa mbele ya wazee na majirani. Mtu anayesema aliipanda mikonge mwenyewe amekiri bila kuulizwa. Hatua tatu zilizopotea zinalingana na kitu fulani, na msomaji aliyewahi kuona ndugu wakigombania kipande cha ardhi anajua ni kitu gani. Je, marehemu anarudi kudai haki yake, au dhamiri inamla mtu aliye hai? Hadithi ikijibu, imekufa. Ikikaa kimya, kila hatua inayopungua inamkaribia msomaji pia.

Hapo tunaona kazi halisi ya imani za wenyeji katika hadithi ya namna hii. Emisambwa na jachien ni lugha ya kale ya kusema kwamba deni la marehemu halijalipwa. Mwandishi anayezitumia kama lugha atapata utajiri. Anayezitumia kama maelezo ya mwisho atapata hadithi ya kutishia watoto.

Kijiji ndani ya kichwa

Wahusika wa Poe hukaa peke yao. Khwisero hakuna mtu wa peke yake. Akili ya huku inaposumbuka huwa imejaa watu: mashemeji, majirani, mchungaji, chifu, akina mama wa chama. Sauti inayomtesa mgonjwa wa kwetu mara nyingi huanza kwa neno moja: “wanasema”.

Mohammed Khelef Ghassany ameitumia hali hiyo vizuri katika “Mame Bakari”, hadithi iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, kitabu kilichotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Sara amebakwa na ana mimba. Kabla hajamwambia yeyote, tayari anawasikia wote: hasira ya baba, uchungu wa mama, uamuzi wa mkuu wa shule. Hukumu inatolewa kichwani mwake kabla mahakama haijaketi. Hiyo si hadithi ya mizimu, lakini mbinu yake ni ya kutisha kwa maana kamili, kwa kuwa jamii imehamia ndani ya mtu na haimpi nafasi ya kulala.

Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, alionyesha upande wa pili wa jambo hilo katika tamthilia ya Betrayal in the City ya mwaka 1976. Jusper amepoteza ndugu yake aliyeuawa katika maandamano, na watu wanamwona amerukwa na akili. Tunapomsikiliza tunagundua kwamba maneno yake ndiyo yenye maana kuliko ya wakubwa wanaotawala. Jina la kichaa limetumika kuufunika ukweli. Mwandishi wa hadithi fupi ana la kujifunza hapo: akiandika sauti ya kijiji, ampe msomaji sababu ya kuishuku.

Milango miwili ya kutorokea

Kuna njia mbili ambazo waandishi wetu huzitumia kuikimbia hofu waliyoiamsha wenyewe. Ya kwanza ni ufafanuzi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, kinatupeleka mzimuni, mahali pa kuogopwa, kisha mpelelezi Bwana Msa anafika na akili yake pevu na kuonyesha kwamba mauaji yalifanywa na binadamu. Kwa hadithi ya upelelezi, huo ni ushindi, na kitabu hicho kinastahili sifa zake zote. Lakini akili iliyosumbuka si kesi. Ukiwasha taa zote chumbani, humwoni tena mtu aliyekuwa akiogopa giza.

Njia ya pili ni mahubiri, nayo imetuumiza zaidi. Tumezoea kuuliza hadithi ina funzo gani, na mtihani huuliza hivyo pia. Basi mwandishi kijana akifika ukurasa wa mwisho humuadhibu mhusika wake. Mlevi hurukwa na akili, mzinzi hujinyonga, na msomaji huambiwa ajihadhari. Kwa njia hiyo, ugonjwa wa akili umekuwa kiboko cha maadili katika hadithi nyingi za shuleni. Ni kosa la ufundi kwa sababu linataja jina haraka. Ni kosa la utu kwa sababu linamfundisha msomaji kwamba anayeteseka amejitakia.

Kosa hilo la utu lina historia hapa Kenya. J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alidai humo kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa maneno mengine, hakuona kina ndani yetu. Kila hadithi inayomwonyesha mtu wa kijijini akibishana na dhamiri yake, akijidanganya, akijishitaki, akihesabu hatua kwenda kaburini, inamjibu Carothers kwa ushahidi. Hatuwezi kumjibu kwa wahusika wasio na ndani.

Sheria nayo ilichelewa. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, akatolewa hospitalini na kufikishwa kortini. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imefanya sehemu yake. Lakini jina la fedheha halifutwi na hukumu peke yake. Huishi katika masimulizi, na huko ndiko mwandishi anakofanyia kazi.

Ufundi wote niliouchambua hapa unadai uvumilivu uleule. Sauti inayojitetea, ngeli inayoteleza, takriri inayokaza kamba, kitu cha kawaida kinachobeba siri, kijiji kinachonong’ona ndani ya fuvu: kila kimoja humzuia msomaji asihukumu mapema. Kimya cha mwisho huviunganisha vyote.

Kwa hiyo ninamwomba kijana wa Khwisero anayeandika usiku huu, labda kwenye daftari la shule, labda kwenye simu. Hadithi unayoihitaji iko katika boma lako au la jirani. Kuna mtu ambaye watu wamekwisha kumwita omulalu na kumpita. Usimwandike yeye wala jina lake. Heshima yake si mali yako. Lakini chukua swali ambalo hakuna aliyemuuliza, umpe mhusika wako, kisha utembee naye hatua zote ishirini na saba kabla ya kumwita chochote.